Hori Tupu

Hadubini alianza uchunguzi mkiani, kama kawaida yake.

Saa tatu na robo asubuhi alikuwa amechuchumaa nyuma ya mbuzi, miwani imemteremkia hadi ncha ya pua, akiokota vigololi vya mavi kimoja kimoja na kuvipanga juu ya ukurasa wa gazeti la zamani. Huu ulikuwa mwaka wake wa ishirini na tisa akiwa bibi mifugo wa eneo lile, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwamini mnyama kwa kumtazama usoni. Mbele, alipenda kusema, kila mtu hujipamba. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani aliitwa Hadubini, kwa vile hapakuwa na kitu kidogo kiasi cha kumponyoka.

"Umeona nini, daktari?" mwenye mbuzi aliuliza.

"Mimi si daktari. Na sijaona kitu. Natazama."

"Kuna tofauti?"

"Kubwa sana. Nipe pini."

Mwenye mbuzi hakuhitaji kwenda mbali. Aliichomoa kwenye ukosi wa gauni lake, ambapo nyingine sita zilikuwa zimechomekwa kwa mstari. Huyu aliitwa Mama Sindano. Alikuwa fundi cherehani, mjane, mtu wa maneno machache na usafi uliopitiliza, na nusu ya mtaa ilikuwa imevaa kitu kilichopita mikononi mwake. Lakini sifa yake kubwa haikuwa mshono. Ukimpelekea kitambaa, alikurudishia nguo pamoja na vipande vyote vilivyobaki, hata kile cha upana wa kidole, vimefungwa vizuri kwa uzi. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeandikiwa barua kwamba anamnyima mbuzi chakula.

Barua yenyewe ilikuwa mfukoni mwa Hadubini. Ilitoka kwa kikundi cha wafugaji wa mbuzi wa maziwa, kikundi kilekile kilichomkabidhi mnyama huyo miezi minane iliyopita. Ilisema kwamba mbuzi namba kumi na nne amekonda kupita kiasi, kwamba maziwa yake hayajazi hata kikombe, na kwamba viongozi watakuja leo saa kumi jioni kumchukua wampeleke kwa mchinjaji. Mwanachama angefutwa jina kwa kosa la "kumnyima mnyama chakula kwa makusudi".

"Kufuta jina, wafute," Mama Sindano alisema. "Lakini hilo neno la kunyima! Wamelisoma mkutanoni, mbele ya watu ninaowashonea. Mimi? Mimi ndiye mwenye mkono wa birika?" Akaugeukia ufagio wake na kuusukuma mahali ambapo hapakuwa na takataka. "Na Shangazi wamchinje, amekosa nini?"

Shangazi ndiye mbuzi. Alipewa jina hilo siku ya kwanza, kwa namna alivyoinua kidevu na kumkagua kila anayeingia uani kana kwamba amekuja kuona kama vyombo vimeoshwa. Kidevu kile bado alikuwa nacho. Kwingine kote yalibaki mafupa: uti wa mgongo umechongoka, mbavu zinahesabika ukiwa mlangoni, nyonga zimetokeza kama vishikio vya sufuria.

Hadubini alikipasua kigololi cha kwanza kwa ncha ya pini. Ndani mlijaa vipande vya nyasi virefu, vingine vya urefu wa ukucha. Mbuzi mwenye afya husaga chakula chake kikalainika kabisa. Hiki kilionekana kimepita tumboni bila kupiga hodi. Alipasua cha pili, cha tatu, akaenda hadi cha saba. Vyote vilikuwa hivyohivyo. Akaandika kwenye daftari: *Mavi: nyuzi ndefu. Kwa nini?*

Lile "kwa nini" lilimtia aibu kidogo. Alishakuja hapa mara mbili. Mara ya kwanza alimpa Shangazi dawa ya minyoo. Mara ya pili akampa dawa nyingine ya minyoo, akapeleka kinyesi maabara, na majibu yakarudi safi, hakuna mnyoo wala yai la mnyoo. Mbuzi akaendelea kukonda vilevile. Leo aliuacha mkoba wa dawa makusudi. Alibeba daftari, mizani ya kuning'iniza, na karatasi ya usajili ya mbuzi namba kumi na nne.

Akapanda mbele kidogo, hadi kwenye kiwele. Kilikuwa kimelegea na kushuka, chuchu ndefu na ngumu. Hapo aliikunjua ile karatasi, iliyoandikwa kwa mwandiko wa kupendeza, kila herufi imekaa mahali pake: *Jike. Rangi ya chai ya maziwa. Hereni ya sikio namba 14. Meno: mawili.*

Mbuzi wa meno mawili, kwa lugha ya wafugaji, ni msichana. Ana mwaka mmoja na miezi kadhaa. Meno mawili ya utoto yamemtoka mbele na mawili ya ukubwani yameota mahali pake. Kwa hiyo sasa Shangazi alipaswa kuwa na miaka miwili na kitu. Kiwele cha msichana hakichoki namna hii, Hadubini aliwaza, labda kama kuna mtu anakikamua kwa pupa. Akaandika: *Kiwele: kimechoka mno. Nani mwingine anakamua?*

Akafunua kope la chini la jicho. Ndani palikuwa pekundu vizuri, damu ipo. Mdomo hakuufungua, kwa kuwa karatasi ilishamweleza habari za meno. Baadaye angejilaumu kwa hilo.

"Haya, tuongee," alisema, akajikalisha juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Anakula nini?"

"Mabua na nyasi ndefu, kama walivyotuelekeza. Mwenyekiti alisema huyu ni kijana, apewe vitu vya kutafuna ajenge mwili."

"Kiasi gani?"

"Mzigo asubuhi, mzigo jioni."

"Anabakiza?"

"Habakizi!" Mama Sindano alilinyooshea mkono hori la mbao lililogongomewa ukutani. Lilikuwa tupu, halina hata jani. "Kila nikija nakuta hivi. Sasa niambie wewe uliyesoma. Hori tupu, mbuzi naye mtupu. Chakula kinakwenda wapi?"

Hadubini alilipenda hilo swali. Kesi nzima ilikuwa humo. Ama chakula kiliibwa kabla hakijaingia kinywani, ama kilipoingia kilikuta cha kukila huko ndani. Na njia hii ya pili maabara walishaifunga.

"Nani wengine wanaingia uani hapa?"

Mama Sindano alitupa jicho upande wa pili wa ua, kwenye mlango uliopakwa rangi ya buluu.

"Wifi yangu. Ua ni mmoja." Akashusha sauti. "Yeye ndiye aliyepeleka habari zangu kikundini. Na yeye ndiye anayefuata kwenye foleni ya kupewa mbuzi. Hesabu mwenyewe."

"Nahesabu. Endelea."

"Kila alfajiri namsikia anafungua mlango. Anatoka na bakuli, amelifunika na sahani. Dakika kumi, anarudi ndani."

"Humwulizi?"

"Hatusemezani tangu ile barua."

Sababu alikuwa nayo wifi, nafasi alikuwa nayo, na chombo alikuwa nacho. Kwa mpelelezi mwenye haraka, kesi ilikuwa imekwisha kabla ya chai. Hadubini hakuwa na haraka, ingawa saa kumi haikuwa mbali kiasi hicho. Aliitundika mizani kwenye boriti, akaning'iniza mzigo wa asubuhi wa Shangazi, akasoma: kilo mbili na robo. Akaumwaga wote kwenye hori. Shangazi alisogea mara moja na kuanza kutafuna.

"Unafagia mara ngapi kwa siku?"

"Asubuhi, mchana, jioni. Na akichafua, hapohapo."

"Ukifagia hapa chini ya hori, unaona nini?"

"Takataka."

"Za namna gani?"

"Jamani! Takataka ni takataka, huwa sizisomi."

"Leo tutazisoma. Nipe huo ufagio."

Mama Sindano aliukumbatia ufagio kifuani. "Kwa muda gani?"

"Saa mbili."

"Saa mbili, mgeni yumo ndani, na ua haujafagiwa?"

"Mgeni ndiye anayekuomba."

Alimkabidhi kwa uchungu, kidole kimoja kimoja, kisha akaingia ndani kwenye cherehani yake ili macho yake yasione kitakachotokea.

Hadubini alibisha mlango wa buluu. Wifi alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Alimkaribisha Hadubini kiti, akamkaribisha maji, akamkaribisha maneno mengi kuhusu joto. Jiko lake lilikuwa dogo na limejaa, na kwenye kichanja, kati ya vikombe, bakuli la bati lilikuwa limefudikizwa likauke. Hadubini alilichukua, akalisogeza dirishani.

"Alfajiri unatoka na hili."

"Nani kasema? Huyo wifi yangu?"

"Limesema lenyewe." Hadubini aliushika ukingo wa bakuli kwa vidole viwili, akachomoa kitu na kukiinua kwenye mwanga. Zilikuwa nywele tatu fupi, za rangi ya chai ya maziwa. "Umeliosha ndani. Ukingo umeusahau."

Wifi alishika kiuno. "Kwa hiyo unasema nakamua mbuzi wa watu?"

"Hapana. Ukimkamua mbuzi, nywele zinaangukia kwenye maziwa. Hizi zilikuwa zimegandia ukingoni kwa mate yaliyokauka, na ni laini, za pembeni mwa mdomo. Mbuzi ameingiza uso humu akala, akalamba hadi ukingo." Akaliweka bakuli mezani. "Wewe huchukui, dada. Unapeleka."

Ile sauti ya nyumba ya tatu ikatoweka. Wifi alikaa, akashika tama.

"Maganda ya viazi," alisema mwishowe. "Nayachemsha na pumba kidogo. Hii wiki ya pili."

"Na kikundini ulipeleka maneno ya nini?"

"Hasira! Tuligombana na wifi juu ya kamba ya kuanikia nguo, basi nikaenda nikamsema. Nikadhani watakuja wampe onyo, basi. Kumbe wakaleta habari za kuchinja na kufuta jina. Nitarudi kusema nini? Kwamba mbuzi nilikuwa namwonea huruma, ila wifi namwonea hasira?" Alijifuta macho kwa upindo wa kanga. "Nikaona angalau asife njaa."

"Anayala hayo maganda?"

"Anayala? Anayafuta! Halafu ananitazama kama nimechelewa."

"Na nyasi zake anazila hivyohivyo?"

"Wapi! Nyasi anahangaika nazo. Anatafuna, anatafuna, anahamisha shavu hili, anahamisha lile, kama marehemu bibi yangu na mkate mkavu alipobaki na mapengo."

Penseli ya Hadubini ilisimama katikati ya neno.

"Sema tena hapo."

"Wapi? Kwenye bibi yangu?"

Lakini Hadubini alishafika mlangoni.

Alivuka ua kwa hatua ambazo watu wa umri wake huwa wameziacha, akapiga magoti mbele ya hori. Zile saa mbili zilibakiza dakika ishirini kutimia. Hori lilikuwa tupu kabisa. Na chini yake, kwenye sakafu ambayo kwa mara ya kwanza katika miezi minane haikuguswa na ufagio, yalilala mabonge ya nyasi, mengi, kila moja la ukubwa wa yai, yamelowa mate. Shangazi alikuwa anafinyanga jingine shavuni. Alitafuna, akatafuna, akakata tamaa, akafungua mdomo, bonge likaanguka pu! kati ya magoti ya bibi mifugo.

"Mama Sindano!"

Cherehani ilinyamaza. Mama Sindano alitokeza, akaona sakafu yake, akashika kifua.

"Haya ndiyo unayofagia kila siku?"

"Ndiyo hayo. Nilidhani ni uchafu wa kucheua."

Hadubini aliyakusanya yote kwenye gunia, akayapima. Karibu kilo mbili, pamoja na mate. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba kwenye shimo la takataka, akachimbua kwa mti. Juu mlikuwa na mabonge ya jana, chini yake ya wiki iliyopita, na chini zaidi makavu yaliyogeuka rangi, tabaka juu ya tabaka. Miezi minane ya chakula cha Shangazi ilikuwa imelala mle shimoni, imetafunwa lakini haikumezwa.

Mama Sindano aliokota bonge moja kavu. "Kwa hiyo nimemnyima kweli. Kwa mikono yangu."

"Wewe ulimpa kila kitu. Ulichofanya ni kufagia ushahidi, basi. Njoo umshike kichwa."

Mama Sindano alimkumbatia mbuzi shingoni. Hadubini alipapasa mashavu kwa nje kwanza. Kila upande palikuwa na uvimbe wa nyasi zilizokwama, na taya chini ya kidole lilikuwa na mabonde mahali pa magego. Shangazi aliguna. Kisha Hadubini akafanya jambo alilopaswa kulifanya tangu siku ya kwanza. Akauinua mdomo wa chini.

Mbuzi mzima ana meno manane mbele, kwenye taya la chini tu. Juu hana hata akiwa kijana. Shangazi alikuwa na mawili. Yalikuwa marefu, ya manjano, yamepeana visogo, moja linaelekea kushoto na jingine kulia, na lote lililobaki ni ufizi mtupu uliokauka siku nyingi.

Hadubini alikaa chini sakafuni. Akaitoa karatasi ya usajili, akasoma mstari wa mwisho. Akasoma tena. Bega moja likaanza kumtikisika, kisha la pili, na mwishowe akaangua kicheko kilichomtoa wifi jikoni kwake na kumfanya Shangazi ainue kidevu kwa kutoridhika.

"Umeona nini?" Mama Sindano alimwuliza, bado ameshika kichwa cha mbuzi.

Hadubini alivua miwani, akafuta machozi.

"Sasa nimeona," alisema. "Wifi! Washa jiko."

Saa kumi kamili Mwenyekiti aliingia uani na kamba mpya mkononi. Alikuwa mtu mwenye mwili, aliyezoea kuongea kama yuko jukwaani hata akiomba chumvi. Nyuma yake alikuja Katibu, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mkavu, amebana leja ya kikundi kwapani, shati limefungwa hadi kifungo cha juu.

"Kwa niaba ya kikundi," Mwenyekiti alianza, "na kwa masikitiko makubwa, tumekuja kutekeleza..."

"Kaa kwanza, Mwenyekiti," Hadubini alisema. "Nina maswali mawili matatu kwa Mwalimu. Nikimaliza, kamba yako itumie upendavyo."

Mwenyekiti alitazama huku na huku, akakaa juu ya ile ndoo. Hadubini alimpa Katibu karatasi.

"Mwalimu, mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu." Katibu aliutazama kwa mapenzi. "Siku tulipopokea wale mbuzi ishirini kutoka kikundi kilichovunjika. Niliwasajili mmoja mmoja mwenyewe."

"Hapa umeandika meno mawili. Ulijuaje?"

"Niliufungua mdomo, nikahesabu."

"Yakawa mawili."

"Mawili kamili. Dada, nimefundisha hesabu miaka thelathini na nne. Kuhesabu hadi mbili sikosei."

"Hukukosea. Na mbuzi mzima huwa na mangapi hapo chini?"

Katibu aligusa kifungo chake cha juu. "Hilo sikuulizwa," alisema kwa heshima yake yote. "Leja ina safu imeandikwa 'Meno'. Niliona mawili, nikajaza mawili."

Hadubini alimgeukia Mwenyekiti. "Na wewe, mfugaji wa siku nyingi. Ukisoma meno mawili unaelewa nini?"

"Mbuzi kijana, ndiyo kwanza ameota mawili ya ukubwani. Nani asiyejua? Ndiyo maana tukampa mabua. Na ndiyo maana tukashangaa, kijana kama huyu anakondaje kama si..." Aliliacha neno njiani, maana alianza kuliona shimo lililo mbele yake.

"Wafugaji wote mnajua," Hadubini alisema. "Mwalimu wa hesabu hajui. Ninyi mkisoma, mnasoma meno yaliyoota. Yeye aliandika meno yaliyobaki."

Kisha wifi alicheka kwa ile sauti yake, ikarudi yote kwa mara moja, na kuku wa jirani wakatawanyika.

"Huyu si msichana," Hadubini aliendelea. "Ana miaka kumi kama si kumi na moja. Hana jino la kukatia wala gego la kusagia, na sisi sote tumemwekea mabua mbele. Anayachukua kwa sababu ana njaa, anayazungusha mdomoni, anayatema. Kile kidogo kinachopita hakijasagwa, na ushahidi ninao kwenye gazeti pale. Huyu mama anakuta hori tupu, anafagia, anaamini ameshiba. Sisi sote tumesoma karatasi, hakuna aliyesoma mdomo. Nami ni wa kwanza kati yetu, nimempa dawa mara mbili kwa minyoo asiyokuwa nayo."

"Hayo ni maneno," Mwenyekiti alisema, lakini kwa sauti ya chumbani, si ya jukwaani.

"Kweli, ni maneno. Mama Sindano, chukua ufagio wako."

Hakuambiwa mara mbili. Aliifagia sakafu chini ya hori kwa nguvu zote alizozibana tangu asubuhi, kona kwa kona, hadi ungeweza kukatia kitambaa cheupe pale. Wifi alileta bakuli la bati: maganda ya viazi yaliyochemka, pumba iliyoloweka, na majani machanga yaliyokatwakatwa kwa mkasi wa ushonaji hadi yakawa madogo kuliko vifungo. Hadubini aliyamimina kwenye hori. Shangazi hakungoja kukaribishwa. Alizamisha uso hadi machoni, na kwa dakika kadhaa haikusikika sauti nyingine isipokuwa ya mbuzi anayekula kwa raha. Alilamba mbao. Akalamba pembe za hori. Akainua kidevu, pumba puani, akawatazama viongozi kama watu waliochelewa kuosha vyombo.

"Sasa, Mwenyekiti. Tazama chini."

Mwenyekiti alipiga magoti kwa shida, akainamisha kichwa chini ya hori, akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mna nini?"

"Hamna kitu," sauti yake ilitoka huko chini.

"Hamna hata kimoja. Chakula chote kimekwenda kinakotakiwa. Mpeni hiki kila siku, mara tatu, na miezi miwili ijayo mbavu zile mtazitafuta. Maziwa hatajaza ndoo, lakini vikombe viwili, vitatu, atatoa. Miaka bado anayo."

Mwenyekiti alinyanyuka, akajikung'uta. "Basi, kwa niaba ya kikundi, mimi nasema hivi. Kosa limetokea. Tumchukue huyu mzee, tumpe Mama Sindano mbuzi kijana anayefuata."

"Anayefuata ni wa wifi yangu," Mama Sindano alisema.

Wifi aliacha kukusanya vyombo.

"Zamu ni yake, abaki nayo. Na Shangazi habadilishwi." Mama Sindano hakuwa amepandisha sauti, lakini alikuwa amesimama wima kabisa, ufagio mkononi. "Mimi nataka kitu kimoja tu. Ile barua uliisoma mkutanoni kwa sauti kubwa. Ifute kwa sauti ileile."

"Mkutano ujao nita..."

"Leo. Halafu na mkutano ujao."

Mwenyekiti alimtazama Hadubini, na Hadubini akajishughulisha na kufuta miwani. Akamtazama Katibu, na Katibu alikuwa ameshafungua leja, kalamu na rula tayari. Basi akavuta pumzi, na kwa sauti iliyovuka kuta nne akatangaza kwamba mwanachama huyu hajamnyima mnyama wake chakula hata siku moja, kwamba kikundi kilikosea, na kwamba neno lile limefutwa. Madirisha mawili ya jirani yakafunguka kusikiliza. Akarudia kwa ajili yao.

Katibu aliiweka rula chini ya neno *kumnyima* ndani ya leja, akalikata kwa mstari ulionyooka. Kisha akateremka hadi safu ya *Meno*, akawaza, na mbele ya *mawili* akaongeza kwa mwandiko wake mzuri: *yaliyobaki*.

"Hesabu yangu ilikuwa sahihi," alinong'ona.

"Sana, Mwalimu," Hadubini alimwambia.

Walipogeuka kuondoka, Mama Sindano aliwasimamisha. Alikwenda nyuma ya nyumba, wifi yake akamfuata bila kuitwa, na sauti zao zikasikika kule shimoni, zikiulizana jambo, zikijibizana, kisha zikicheka. Waliporudi walikuwa wameshika gunia huku na huku, limejaa mabonge ya nyasi hadi mdomo. Mama Sindano alinyoosha mkono kwa Mwenyekiti, akaichukua ile kamba mpya kutoka kwenye vidole vyake, akalifunga gunia kwa mafundo mawili ya kishonaji na kukaza.

"Ni chakula cha mbuzi wenu," alisema. "Cha miezi minane. Wateja wangu huwa nawarudishia vyote vilivyobaki, na kwenu sikubakiza hata unyasi."

Akalisukuma gunia miguuni pa Mwenyekiti, kisha akamgeukia Katibu.

"Mwalimu, wewe ndiye unayejua kuhesabu. Mkifika, yahesabuni."